Safari ya Baiskeli Hujengwa kwa Marhala: Somo la Vilima vya Tawa

Aghalabu kijana anayenunua baiskeli kwa nia ya kwenda mwendo mrefu hushindwa katika wiki ya kwanza, na kinachomshinda si upungufu wa nguvu. Hutoka asubuhi kwa kishindo, akapiga pedeli kama mtu anayefukuzwa, akaenda mbali kuliko ilivyompasa, kisha akarudi magoti yanamwaka moto na mwili wote hauna raha ya kukaa wala kulala. Kesho yake baiskeli huegemezwa ukutani. Baada ya mwezi huuzwa, au hupewa mdogo wake awe akiendea dukani.

Makala haya yanamkusudia kijana huyo, na pia mtu mzima ambaye daktari amemwambia autumikishe mwili wake. Mahali tulipopachagua kuwa mfano ni Tawa, mji mdogo wa soko katika Kaunti ya Makueni, chini ya vilima vya Mbooni. Msomaji wa Mvita, Lamu au Tanga huenda akauliza: Ukambani kuna nini cha kutufunza sisi watu wa bahari, ambao barabara zetu ni tambarare? Jawabu ni kwamba barabara tambarare humficha mwanafunzi makosa yake, lakini kilima humfichua papo hapo.

Watu wa Pwani si wageni wa Wakamba. Wengi wetu tunakijua kiwanda chao cha vinyago pale Changamwe, ambacho ushirika wake ulianzishwa mwaka 1963. Sanaa hiyo ilitokea Wamunyu, kwenye barabara ya Machakos kwenda Kitui, upande wa kaskazini ya Tawa. Inasimuliwa kwamba aliyeipeleka huko ni Mutisya Munge, aliyejifunza kuchonga huko Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918. Na zamani kabla ya vinyago kulikuwa na pembe za ndovu.

WALIOTANGULIA KWA MIGUU

Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikishuka mpaka Rabai na Mombasa na pembe za ndovu, ikirudi bara na nguo, ushanga na waya wa shaba. Mkubwa wa misafara aliyevuma sana ni Kivoi wa Kitui. Mmishonari Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, aliondoka Rabai mwezi wa Novemba 1849 kwenda kwake, na tarehe 3 Desemba mwaka huo akauona Mlima Kenya akiwa Kitui. Kivoi mwenyewe aliuawa mwaka 1851 katika safari ya upande wa Mto Tana, wasafiri wakishambuliwa njiani.

Watu wale hawakuwa na gurudumu hata moja. Walikuwa na mizigo mabegani na nyika kavu mbele yao, na bado walifika. Walifika kwa sababu waliigawa njia vipande vipande, na kila kipande kilipimwa kwa maji: leo tunalala kwenye kisima fulani, kesho kwenye mto fulani. Hakuna mkuu wa msafara aliyewaambia watu wake wakimbie siku ya kwanza kwa kuwa bado wana nguvu. Nguvu za siku ya kwanza zilikuwa akiba ya siku ya kumi.

KIPIMO TULICHO NACHO

Sisi Waislamu tunacho kipimo cha safari ambacho wengi wetu tulikisoma chuoni tukiwa wadogo, kisha tukakisahau. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, safari inayomruhusu mtu kupunguza sala ni ya marhala mbili, yaani mwendo wa siku mbili wa ngamia aliyebeba mzigo. Wanazuoni wa siku hizi hukadiria kuwa ni kiasi cha kilomita 80 hadi 90. Masuala ya hukumu yenyewe tuwaachie masheikh wetu. Sisi hapa tunataka kuazima kipimo hicho tu, kwani ni shabaha njema kwa mwanafunzi wa baiskeli. Mwenye kuweza kwenda marhala mbili kwa siku moja, akashuka akiwa mzima, na kesho yake akaamka akatembea bila kushika kiuno, huyo amekuwa msafiri.

Zingatia hayo maneno ya mwisho. Kufika mtu yeyote huweza kufika mara moja, akijikaza. Jinsi mwili ulivyo asubuhi ya pili ndiko kunakoonyesha kama safari ilikuwa ya kiasi chake au ilimzidi. Basi kila mwanafunzi na ajiulize kila baada ya matembezi: je, ningeweza kurudia hii kesho? Akiona hawezi, mwendo ulikuwa mrefu mno au wa haraka mno.

BAISKELI YENYEWE

Si lazima kununua baiskeli ya maelfu kwa maelfu ya shilingi. Ile baiskeli nzito ya chuma, isiyo na giya, ambayo katika Kenya huitwa Black Mamba, imekuwa mnyama wa mzigo wa Ukambani kwa miaka mingi. Hubebeshwa mitungi ya maji, magunia ya mahindi, hata kitanda. Mtungi mmoja wa lita 20 una uzito wa kilo 20, na mitungi mitatu ni sawa na kumpakia mtu mzima mwembamba. Baiskeli inayostahimili hayo itakustahimili wewe. Lakini yenye giya ni rahisi zaidi kwa nchi ya vilima, hilo halina ubishi.

La muhimu kuliko aina ni kiti kuwekwa mahali pake. Kaa kitini, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa: mguu uwe umenyooka bila kulazimika kuinamisha nyonga. Ukianza kukanyaga kwa kitanga cha mguu, goti litabaki limekunjika kidogo, na ndivyo itakiwavyo. Goti likiuma upande wa mbele, aghalabu kiti kiko chini mno. Likiuma kwa nyuma, kiti kimepanda mno. Wengi wameacha baiskeli wakidhani magoti yao ni mabovu, na kumbe dawa ilikuwa spana moja na dakika mbili.

Kabla ya kutoka tazama mambo manne: upepo wa matairi, mpira wa breki, mnyororo uliotiwa mafuta, na ringi isiyoyumba. Beba pampu, viraka, solusheni, kipande cha msasa na spana. Jifunze kuziba pancha nyumbani, kwani mwiba wa mgunga wa Ukambani haubagui mgeni wala mwenyeji. Na anayevaa kanzu aikunje au avae suruali, kwa kuwa kanzu na mnyororo havijapata kusikilizana.

WIKI KUMI NA SITA

Mpango wetu ni wa miezi minne. Kila wiki panda baiskeli mara tatu. Mara mbili ziwe za kiasi cha nusu saa hadi saa moja, na mara moja iwe ndiyo safari ndefu ya wiki. Siku zilizobaki mwili upumzike, kwani misuli hujengeka wakati wa mapumziko. Haijengeki barabarani.

Safari ndefu iende hivi. Katika wiki nne za kwanza: kilomita 10, kisha 15, kisha 20, na wiki ya nne urudi 15. Wiki nne za pili: 25, 30, 35, kisha urudi 25. Wiki nne za tatu: 40, 45, 55, kisha urudi 40. Wiki nne za mwisho: 60, 70, urudi 50, na wiki ya kumi na sita ndipo uende zako kilomita 85, zilizo ndani ya makadirio yale ya marhala mbili.

Msomaji ataona kwamba katika kila fungu kuna wiki ya kurudi nyuma. Hiyo ndiyo wiki ambayo vijana huiruka, wakiona ni ya uvivu, na ndiyo inayowaangusha. Moyo na mapafu huzoea upesi, hata katika wiki chache mtu hujiona simba. Kano na maungio ya magoti huchelewa sana kuzoea. Basi mtu hujiona ana pumzi ya kwenda mbali, na hali magoti yake bado ni ya mwanagenzi. Wiki ya kurudi nyuma huwapa nafasi hao wanaochelewa wawafikie wenzao.

Na mwendo uwe upi? Uwe ule ambao unaweza kuzungumza na mwenzio bila kukatiza maneno. Ukiona huwezi kutamka sentensi nzima kwa pumzi moja, punguza. Kwenye barabara ya kawaida baiskeli nzito huenda kiasi cha kilomita 12 hadi 15 kwa saa. Kwa hesabu hiyo, kilomita 85 ni kazi ya saa sita au saba za kukanyaga, ukiongeza mapumziko ni kama saa nane. Mwenye kusali alfajiri, akanywa chai yake akatoka saa 12 asubuhi, atakuwa amefika saa 8 mchana, na alasiri haijaingia. Adhuhuri itamkuta njiani, kwa hiyo mswala uwe juu ya karia na maji ya udhu yasisahauliwe.

Wala tusidhani mwendo huu wa kidogo kidogo ni wa wanyonge. Tumefunzwa na Mtume wetu (S.A.W.) kwamba amali ipendwayo zaidi ni ile inayodumishwa, ijapokuwa ni ndogo. Mwenye kwenda kilomita 10 mara tatu kwa wiki mwaka mzima amejenga mwili kuliko aliyekwenda 100 siku ya Idi, kisha akalala mwaka mzima.

KILIMA, MCHANGA NA MTO

Kutoka Tawa, ukielekea Kikima na vilele vya Mbooni, ardhi inainuka. Mapokeo ya Wakamba husema kwamba huko Mbooni ndiko wazee wao walikokita makazi ya zamani kabla ya kuenea Iveti, Kitui na kwingineko. Ni kwa baridi na kijani, tofauti na nyanda kavu za chini. Kwa mpanda baiskeli ni chuo kikuu.

Somo la kwanza la kilima ni kushuka ukatembea. Baiskeli isiyo na giya, mbele ya mteremko mkali, humfanya mtu akanyage kwa uzito wote wa mwili, na hapo ndipo goti huharibika. Kusukuma baiskeli mwendo wa dakika tano si aibu. Mwenye giya naye aingize nyepesi mapema, kabla kilima hakijamkamata, akae kitini akanyage kwa upole.

Somo la pili ni la kuteremka, nalo ni la hatari zaidi. Breki za fimbo za baiskeli za zamani hushika kwa shida, na mvua ikinyesha hazishiki karibu kabisa. Punguza mwendo kabla ya kona. Usingoje mpaka uwe ndani yake. Barabara za kando ni za murram, na changarawe iliyotawanyika kwenye kona huteleza kama mtama uliomwagwa sakafuni.

Somo la tatu ni la mito ya mchanga. Sehemu kubwa ya mwaka mito mingi ya Ukambani huwa mikavu, na watu hufukua mchanga wakapata maji chini yake. Ukifika hapo shuka, usukume, kwani gurudumu jembamba huzama. Lakini nyakati za mvua, kiasi cha Machi hadi Mei na tena Oktoba hadi Desemba, mto uliokuwa mkavu asubuhi waweza kufurika jioni kwa mvua iliyonyesha mbali, hapo ulipo jua likiwaka. Mwezi wa Desemba 2021 basi zima lilisombwa katika Mto Enziu, karibu na Mwingi katika Kaunti ya Kitui, na watu zaidi ya 30 wakafa. Maji yaliyolishinda basi hayatamwonea haya mtu wa baiskeli. Keti ukingoni ungoje, hata ikiwa ni kungoja mpaka kesho.

Na wala nchi ya vilima si mkosi. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alifunzwa ujanani na Mkenya David Kinjah huko Kikuyu, akaja kushinda mashindano ya Tour de France mara nne, miaka ya 2013, 2015, 2016 na 2017. Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanywa Kigali, mji wa vilima, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kufanywa Afrika.

MAJI NA CHAKULA

Misafara ya Kivoi ilipanga vituo kwa maji, na sisi tufanye vivyo hivyo. Katika jua la Ukambani mtu huhitaji kiasi cha nusu lita hadi lita nzima kwa saa, akinywa kidogo kidogo kabla kiu haijamshika. Jasho hutoka na chumvi, kwa hiyo maji matupu siku nzima hayatoshi. Kula kitu chenye chumvi, au tia chumvi kidogo na sukari katika chupa moja. Ukiona kichwa kinagonga, kichefuchefu kinakuja na jasho limekatika, hilo ni joto limekuingia. Tafuta kivuli, jimwagie maji, na safari ya siku hiyo imekwisha.

Chakula nacho kiwe kila baada ya saa moja, kwa kiasi kidogo. Sukari iliyohifadhiwa mwilini hupungua sana baada ya saa mbili hivi za kazi, na asiyekula huzimika ghafla kama taa iliyokwisha mafuta. Sisi watu wa Pwani tuna tende, na hakuna kinachobebeka vizuri zaidi ya tende mfukoni. Ndizi mbivu, muhogo wa kuchemsha na mahamri pia vyafaa. Na ukifika Tawa jioni agiza muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, uone jinsi miguu inavyorudishiwa uhai.

Mwezi wa Ramadhani usiwe wakati wa kuongeza mwendo. Anayetaka kutunza alichojenga atoke mwendo mfupi, karibu na kufuturu, ili akirudi maji yawe tayari mbele yake. Mpango na usimame hapo ulipo mpaka Shawwali, kisha urudi nyuma wiki moja ndipo uendelee.

BAADA YA MARHALA MBILI

Aliyemaliza wiki kumi na sita huanza kuitazama ramani kwa jicho jingine. Kutoka Tawa kuna Wote, makao makuu ya Makueni. Kutoka Wote kuna Makindu, ambako hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926, huwapa wasafiri wa dini zote chakula kisicho na nyama na mahali pa kulala bila malipo. Kutoka Makindu hadi Mtito Andei ni kiasi cha kilomita 70. Hadi Voi ni kama 100 nyingine, na kutoka Voi kushuka Mombasa ni kiasi cha 150. Ndiyo njia ya bara kwenda pwani, na yaweza kugawanywa kwa marhala kama walivyofanya wazee.

Lakini hapa tuseme kweli bila kificho. Barabara kuu ya Mombasa imejaa malori, na dereva aliyekesha hamwoni mtu wa baiskeli mpaka amemfikia. Kati ya Mtito Andei na Voi njia hupita katika mbuga za Tsavo, na ndovu hana habari na mazoezi yako. Anayeshuka wakati wa kusi atapigwa na upepo wa uso siku nzima, hata mteremko usimfae kitu. Basi asiende peke yake, asiendeshe baada ya magharibi, avae nguo inayong'aa, na sehemu asiyoiamini apakie baiskeli juu ya basi. Hakuna atakayemhesabia aibu. Mama yake atashukuru kumwona mlangoni.

Hata Wazungu waliobobea katika mchezo huu hawaruki ngazi. Huko Ufaransa kuna safari ya kutoka Paris hadi Brest na kurudi, iliyoanza mwaka 1891, ya kilomita 1,200, ambayo mtu hupewa muda usiozidi saa 90. Haruhusiwi kuingia ila awe amekwisha kwenda, katika mwaka huo huo, kilomita 200, kisha 300, kisha 400, kisha 600. Nao wamezijua marhala, ila wameziita kwa jina jingine.

Kwa hiyo kijana mwenye baiskeli iliyoegemezwa ukutani, itoe leo jioni. Jaza upepo, pandisha kiti, nenda kilomita tano, urudi tano. Ukifika nyumbani na bado una hamu ya kuendelea, usiendelee. Iache hamu hiyo ikungoje mpaka keshokutwa.